Watoto Kumi na Mmoja, Mshale Mmoja

Mwalimu anayestaafu shuleni kwetu huacha mti. Mimi nilipanda mitatu kwa miaka tofauti, na mbuzi wa jirani wakaila yote, wa mwisho wakaula pamoja na ua wake wa miiba. Kwa hivyo nawaachia karatasi hizi, ninyi wenzangu mnaobaki na vumbi la chaki. Vyeo sitavizungumzia, maana havikunisumbua. Mshahara nao haukukaa mfukoni muda wa kutosha tukajuana. Nitasema kazi tu, na zaidi nitasema habari ya watoto kumi na mmoja waliochora mshale mmoja, kwa sababu hiyo ndiyo inayonijia hata sasa nikinywa chai yangu ya kustaafu.

Lakini kwanza mjue ugonjwa wangu. Mimi ni mtu wa kushuku. Jibu sahihi likija haraka, hulizunguka kama mnunuzi anavyomzunguka mbuzi wa bei rahisi kule sokoni Mwingi: namfungua mdomo, nahesabu meno, nainua mkia. Mke wangu husema hata salamu huwa nazidai risiti.

Ugonjwa huu niliupata Kikima, miaka ya sitini ikielekea mwisho. Mchana niliendesha kinu cha posho, kinu chenye kelele ambayo ng'ombe wa Mbooni nzima walikamuliwa kwa mdundo wake. Jioni nilijipangusa nikaenda masomo ya ngumbaru, yale ya watu wazima, katika jengo la kanisa, nikiwa bado mweupe kwa unga kama mzimu uliookoka. Darasani tulikuwa seremala mmoja, askari wa utawala, akina mama watatu wauza maharagwe, na mimi. Mwalimu wetu alikuwa Mzee Kavita, karani mstaafu, mtu mkavu kama ubao wa mkonge, asiyecheka ila anapokohoa.

Kitabu cha afya nilikikariri chote. Nasema chote, pamoja na jina la mpiga chapa. Jioni moja nikasimama nikaumwaga mzunguko wa damu, tangu moyo hadi kidole cha mguu, bila kupumua. Akina mama wakapiga makofi. Mzee Kavita akaningoja nikae.

"Nzioka," akasema, "kinu chako kikizimika ghafla, unga ulio njiani utafanya nini?"

"Utaganda kwenye mdomo wa kinu, mzee. Halafu mkanda utaungua."

"Vizuri. Na moyo ukizimika ghafla, damu iliyo njiani itafanya nini?"

Hilo kitabu hakikusema.

"Basi," akasema, "una vitabu viwili kichwani na havijasalimiana."

Nilitembea kwenda nyumbani nimekasirika mpaka mbwa waliniachia njia. Lakini tangu jioni ile sikuliamini tena jibu la kukariri, hata likiwa langu. Mtihani niliufanya baadaye nikaupita kwa alama ambazo nikizitaja mtaniita mwongo.

Kwa cheti cha mtihani huo nikachukuliwa kuwa mwalimu wa UT, yaani mwalimu asiye na mafunzo, katika shule moja ng'ambo ya Kwa Vonza. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kipande cha chaki, kiboko kisichokuwa na kazi kwangu, na darasa la watoto sabini, ingawa kwa nilivyotetemeka niliwaona mia tatu. Nikauliza mmomonyoko wa udongo ni nini. Mvulana mmoja akaruka juu akalisema lote kwa Kiingereza safi, kama redio. Nyuma ya choo cha shule palikuwa na korongo la kuweza kumeza fahali na mchungaji wake. Nikamwambia, "Vizuri sana. Sasa nionyeshe huo mmomonyoko uko wapi."

"Iko ukurasa wa arobaini na mbili, mwalimu."

Hakuwa anafanya mzaha, na darasa zima lilitikisa kichwa kumuunga mkono. Nikamkumbuka Mzee Kavita.

Nilihangaika na jambo hilo miaka mingi, nikihamishwa huku na huku, Mwingi miaka mitano, nikarudi. Nilipata mafunzo nikiwa kazini, nikajua kutunga maswali ya kila aina, na watoto wakajua kuyajibu ya kila aina bila kuelewa hata moja. Nikiweka maswali ya kuchagua, walichagua kwa kutupa kifutio. Nikisema waeleze, walinirudishia maneno yangu mwenyewe, pamoja na kikohozi changu nilipokohoa.

Miaka ya themanini ikiwa imefika mbali, tuliitwa semina ya wiki moja, likizo ya Agosti, mjini Kitui. Walimu thelathini na kofia zetu. Mkufunzi alikuwa msichana mdogo, Miss Mwikali, mwenye karatasi za manila na kalamu za rangi nne. Akaandika neno, akalizungushia duara. Akaandika jingine, duara. Akavuta mshale kati yao, na juu ya mshale akaandika kitendo. Mvua, mshale, hubeba, mshale, udongo. Kisha akaendelea mpaka ubao mzima ukajaa.

Mwalimu mmoja wa nyuma akanong'ona, "Tumeletewa buibui."

"Hii inaitwa ramani ya dhana," Miss Mwikali akasema. "Usihesabu maduara, mwalimu. Maduara hata kasuku anaweza. Soma mishale. Neno moja na lingine yanahusianaje? Hapo ndipo utamwona mtoto."

Mimi nilikuwa na mikono kifuani. Kitu kipya kutoka mjini mimi hukingoja kwanza kianguke. Lakini ule mshale ulinisumbua, kwa sababu niliona wazi ulikuwa ndiyo ile salamu ya Mzee Kavita. Nikainua mkono.

"Na mtoto akinakili ramani yote ya mwenzake, na mishale yake?"

"Mpe neno jipya ambalo hakulitarajia," akasema. "Alitie mwenyewe mbele yako. Aliyeelewa atalitafutia mahali. Aliyenakili ataliacha limesimama."

Nililiandika hilo daftarini, nikalipigia mstari mara mbili, nikalisahau.

Shuleni hatukuwa na manila. Niliomba makatoni ya sabuni kwa wenye maduka, nikayakata kadi. Ubao niliutengeneza kwa milingoti ya mkonge iliyofungwa pamoja, kwa kuwa mkonge ni laini, mwiba wa mgunga unaingia bila nyundo, na miiba huko kwetu ndiyo mavuno yasiyokosa. Kadi niliziandika Kiingereza kama somo lilivyotaka. Maneno ya mishale niliwaachia waandike Kiswahili au Kikamba, yoyote iliyokuwa karibu na mdomo. Mfanye hivyo. Mtoto akitafuta Kiingereza cha kitendo, kitendo chenyewe humponyoka. Na ramani ya mwanzo wa somo msitupe; iwekeni kando ya ile ya mwisho wa somo muone imesogea wapi. Kadi iliyoachwa pweke bila mshale msiichape fimbo. Huyo ni mtoto mkweli.

Hedimasta wetu hakuipenda. Nitamwita Mulwa, na jina hilo nimemtungia. Alikuwa mtu msafi, mwenye viatu vya kung'aa kiasi kwamba kuku walijitazama humo, na alichopenda duniani ni wastani wa shule katika mtihani wa darasa la nane.

"Mwalimu Nzioka," aliniambia, "inspekta akija nimwambie watoto wa la saba wanachora mayai?"

"Mwambie wanaonyesha wanachojua, sir."

"Na kile Kikamba kwa mishale?"

"Ndicho wanachokijulia."

Akaniangalia namna mimi ninavyoangalia mbuzi wa Mwingi. Lakini kwa kuwa sikuwahi kuchelewa hata siku moja, akaniacha.

Sasa niwaambie juu ya Ndanu. Alikuwa msichana wa darasa la saba, miaka kumi na sita, mrefu kuliko walimu wawili. Alikuwa amerudia la sita na amerudia la saba. Kila siku alichelewa, kwa sababu kabla ya shule alishuka mtoni na punda kuteka maji, na mto wetu ni mto wa mchanga: mvua ikiisha, unachimba shimo, unangoja maji yachuruzike ndani, unachota kwa kibuyu. Mtihani wa kuandika ulimshinda. Kiingereza kilimfunga mdomo kama gundi. Mwisho wa mwaka Mulwa angechuja: wanaofaa waingie la nane, wengine warudie, ili wastani usiumwe kichwa. Mama yake alinikuta sokoni akaniambia bila kuzunguka, "Mwalimu, mara hii akirudia, basi. Punda atakuwa amepata mwenzake." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekueleza bei ya mahindi.

Nikamwendea Mulwa nikamwomba sayansi na kilimo zipimwe kwa ramani. Alikubali kwa shingo upande, kwa masharti kwamba likitokea la kutokea, ni juu yangu.

Nilitangaza wiki nzima mbele. Mada: maji na udongo. Kadi tisa nikazichoma kwenye ubao wa mkonge, kila mtu azione: mvua, mto, maji, mchanga, mfinyanzi, jua, miti, mifugo, mwamba. Siku yenyewe niliwatawanya, wengine ndani, wengine uwanjani, mtoto na mtoto hatua nane. Nilizunguka kama tai. Hakuna aliyegeuza shingo.

Jumamosi nikakaa nyumbani kusahihisha. Nikafika ramani ya Ndanu. Ilikuwa nzuri ajabu, mishale ikikatizana kama njia za mbuzi. Lakini kutoka mchanga kwenda maji alikuwa ameandika "huficha." Kitabu kilisema mchanga hupitisha maji, mfinyanzi huyashika. Nikatia alama ya kosa. Ramani iliyofuata: mchanga, mshale, huficha, maji. Nikaketi wima. Ya tatu sawa. Ya sita. Zilipofika kumi na moja nilisimama nikafunga mlango. Sijui kwa nini niliufunga, nyumbani tulikuwa mimi na kuku.

Kosa moja ni kosa. Kosa lilelile kumi na moja ni chama.

Furaha niliyoipata siku ile, mnisamehe, ilikuwa kubwa. Mtu wa kushuku akikuta cha kushuku hujiona nabii. Jumatatu baada ya gwaride nikawasimamisha wote kumi na mmoja mbele ya darasa.

"Nani alianza hiyo 'huficha'?"

Muthui, mvulana aliyekuwa na maneno mengi kuliko soko, alitazama dari ambayo hatukuwa nayo.

"Nitawaweka hapa mpaka mvua ya Novemba."

Ndanu akasogea hatua moja. "Ni mimi, mwalimu. Mchanga ulikuwa wangu."

Sikuuliza maana yake. Hapo ndipo penye aibu yangu, na ninaiandika polepole ili muisome polepole. Nilikuwa na jibu nililolitaka, tena limekuja haraka, na sikulifungua mdomo kuhesabu meno. Nikaenda ofisini, nikalifungua Daftari la Makosa, nikaandika kwa wino: jina lake, na mbele yake, "Kuongoza wizi wa mtihani."

Mulwa alisoma, akaniwekea mkono begani. "Asante sana, mwalimu. Huyu nilikuwa namtafutia sababu. Wengine kumi watachapwa, yeye atarudia."

Mulwa kunishukuru! Miaka ile yote hakuwahi kunishukuru hata kwa kumwokolea kofia na upepo. Nikatoka nje nikasimama kwenye jua, na kwa mara ya kwanza maishani nikajishuku mwenyewe.

Nikamwita Muthui pembeni. "Ndanu amesema mchanga ulikuwa wake. Ni kusema nini?"

"Si tulifanya mwethya, mwalimu."

Asiyekuwa wa kwetu ajue: mwethya ni kikundi cha majirani. Leo wote mnachimba mtaro wa shamba langu, kesho wote mnachimba wa shamba lako, mpaka mashamba yaishe. Hakuna anayeita wizi.

"Mwethya ya nini?"

"Ya kadi. Kule mtoni tukingoja maji iingie kwa shimo. Inakawia! Kila mtu alipewa kadi yake, moja ikawa ya watu wawili. Siku ya mtu ikifika, anaambia wengine vile inafanya, wanamuuliza mpaka achoke. Kaveke alikuwa na jua. Mwende miti. Ndanu alikuwa na mchanga. Tulimsumbua, mwalimu! Siku mbili."

"Na wewe ulikuwa na nini?"

"Mimi nilikuwa nachunga punda zisiende."

Saa kumi nikafuata njia ya punda mpaka mtoni. Ndanu alikuwa ndani ya shimo, mchanga umemfika kifuani, anachota na kumwaga kwenye mtungi. Aliponiona alitaka kupanda. Nikamwambia abaki. Nikachuchumaa ukingoni na suruali yangu ya kazi, ambayo haikusahau siku hiyo.

"Ndanu, kitabu kinasema mchanga hupitisha maji."

"Inapitisha, mwalimu."

"Basi mbona umeandika huficha?"

Akaniangalia kama anayeogopa ni mtego, na alikuwa na haki. "Inapitisha kwenda chini. Huko chini kuna mwamba. Sasa itaenda wapi?"

Nikatazama chini ya shimo.

"Mto ilipita mara ya mwisho Aprili," akasema. "Silanga ya kanisa, ile bwawa, ilijaa hiyo Aprili, watu waliogelea. Agosti ikawa matope. Jua inakunywa maji ile inaona, mwalimu. Hii haioni." Akachota kibuyu, akaninyooshea juu. "Kunywa."

Nikanywa. Yalikuwa baridi kuliko maji yoyote niliyowahi kuonja, na nilikuwa nimeyanywa miaka kadhaa nyumbani kwangu, yakiletwa mlangoni na punda, bila kuuliza yalikolala kati ya Aprili na Oktoba. Vitabu vyangu viwili, vile vya Mzee Kavita, bado vilikuwa havijasalimiana.

Asubuhi nilimkuta Mulwa na orodha ya la nane imekwisha andikwa. Ndanu hakuwemo.

"Nilikosea," nikamwambia. "Lifute jina lake kwenye Daftari la Makosa na ulitie hapa."

"Wino ni wino, mwalimu. Alikiri mwenyewe."

"Alikiri kufundisha wenzake, kwa mwethya ya kadi."

"Sasa utawajuaje walioelewa na waliobeba tu? Kumi na moja, neno moja!"

Hapo, asanteni mistari yangu miwili, nikamkumbuka Miss Mwikali. "Wape neno jipya," nikasema. "Wewe mwenyewe ulichague. Mmoja mmoja, hapa ofisini, mbele yako."

Mulwa akatabasamu. Hakupenda ramani, lakini alipenda sana kumshinda mtu. Akazungusha macho ofisini, yakatua pembeni palipokuwa na mifuko minne ya saruji ya kujengea nguzo za geti.

"Saruji," akasema. "Tuone kama waliifanyia mwethya."

Nikakata kadi kumi na moja, nikazitoa ramani zao za mtihani. Mwalimu wa zamu akawashika watoto chini ya dirisha la upande wa pili wasikutane na waliotoka. Mulwa akakaa, mikono juu ya meza, na mimi nikasimama ukutani jasho likinitiririka hadi viatuni. Sisemi uongo, nilikuwa nimelowa kuliko mto.

Wa kwanza Kaveke. Akaiweka saruji karibu na maji na kuandika "hunywa." Mulwa akanyanyua nyusi. "Hunywa vipi?" "Fundi akikoroga, sir, asipoongeza maji inakauka." Mwende akaipeleka kwa mifugo: "hujenga pakunywea." Mwingine kwa mvua, "hukinga," akaeleza tangi la mission. Mwingine kwa mwamba, akasema fundi alimwambia saruji inatoka kwa mawe yaliyochomwa. Sikuwa nalijua hilo. Mulwa naye hakuwa analijua, nilimwona akiangalia mifuko yake. Watoto tisa walikwenda njia tisa. Mshale mmoja wa zamani, lakini kila mtu alitembea na miguu yake.

Akaja Muthui. Akaiweka saruji katikati kabisa, kwa heshima, akavuta mshale mrefu mzuri, akasimamisha kalamu. Tukangoja. Kuku akapita mlangoni.

"Endelea," Mulwa akasema.

"Sir," Muthui akasema kwa huzuni, "siku ya saruji mimi sikuweko."

Hakukuwa na siku ya saruji. Niliuma ulimi nisicheke. Kwa hivyo, wenzangu, msitupe kabisa ugonjwa wa kushuku. Kwa mmoja kati ya kumi na mmoja nilikuwa sawa. Aliyechunga punda ndiye aliyebeba.

Wa mwisho Ndanu. Alishika kadi muda mrefu. Mulwa akatazama saa, akaitazama tena. Mimi niliacha kupumua karibu nusu saa. Kisha akaiweka saruji kando ya mchanga, akavuta mshale, akaandika "hukamata."

"Saruji inakamata mchanga wapi?" Mulwa akauliza.

Ndanu alisema kwa sauti ya chini, akiwa ameangalia kadi wala si hedimasta. "Kwa mto, sir. Mkijenga ukuta kukatiza mto, mvua ikikuja inaleta mchanga. Mchanga inajaa nyuma ya ukuta. Ikijaa mingi, maji inajificha mingi."

"Nani amekufundisha hayo?"

"Wamejenga moja kwa Susu, nyanya yangu, kwa mwethya. Mimi nilibeba mawe."

Mulwa aliitazama ramani. Kidole chake kilitoka saruji kikaenda mchanga, kikaenda maji, kikafika jua, ambapo Ndanu alikuwa ameandika tangu siku ya mtihani mshale ambao hata mimi sikuusoma kwa ajili ya furaha ya kukamata wezi: kutoka jua kwenda maji, "haioni yaliyofichwa."

Akachukua orodha ya la nane, akaongeza jina kwa mkono chini kabisa, nje ya mstari.

"Akitushusha wastani, Nzioka," akasema, "nitajua mlango wako."

"Utaupata wazi, sir."

Msidhani mambo yote yalinyooka. Saruji ilijenga nguzo za geti kama ilivyopangwa, nguzo nene za kuzuia tembo, na mto haukupata hata mfuko mmoja. Muthui alirudia darasa na bado alinisalimia kwa furaha. Na Ndanu mwaka uliofuata hakuongoza wilaya, ningependa kuwadanganya hivyo lakini wapo wanaomjua. Alipita tu, akaenda sekondari, na wastani haukufa.

Jioni ile ya orodha mama yake alikuja kwangu na punda na mitungi miwili. Sikuwa nimeagiza.

"Mama Ndanu, maji ninayo."

"Haya ni mengine," akasema, akiufungua mkanda wa punda. "Haya umechimbiwa." Akamimina kwenye pipa langu, akakataa chai, akaondoka. Punda alionekana mpweke kidogo, au pengine nilitaka aonekane hivyo.

Bado likabaki Daftari la Makosa. Nilimwomba Mulwa mara tatu alifute jina la Ndanu. Mara tatu akaniambia kumbukumbu ya ofisi haifutwi, na ninakubali, kwa hilo alikuwa sawa. Basi siku moja alipokwenda mkutanoni nilifungua kabati nikalitoa. Sikufuta kitu. Chini ya jina lake nikaandika jina langu kamili, nikavuta mshale kutoka kwangu kwenda kwake, na juu ya mshale nikaandika, "alimshuku bila kumuuliza." Nikatia sahihi na tarehe. Nijuavyo, mimi ndiye mwalimu pekee aliyemo.

Daftari hilo liko rafu ya chini, nyuma ya kengele iliyovunjika. Mkilikuta siku moja mkifanya usafi, msicheke na msilitoe ukurasa. Someni mshale.